Mpishi wa mahamri ambaye vidole havikunjiki alfajiri: uchambuzi wa kisa cha rumatoidi inayoanza

Mgonjwa ni mwanamke wa miaka 34 wa Mombasa, mama wa watoto watatu, anayepika mahamri na mbaazi za kuuza asubuhi. Mtoto wake wa mwisho ametimiza miezi tisa. Siku ugonjwa wake ulipotambuliwa hakuwa amekwenda kujitibu. Alikuwa amempeleka mtoto kliniki kudungwa chanjo ya surua. Wakati huo alikuwa ameumwa kwa miezi mitano, ameonwa na wahudumu wa afya mara tatu, na kila mara ametoka na maelezo mengine. Hakuna hata moja lililokuwa sahihi.

Kisa hiki ni cha kufundishia. Mwanamke huyu hutamkuta mtaani. Nimemuunda ili msomaji aufuate ugonjwa mmoja tangu siku ya kwanza. Ila dalili zake, na jinsi zinavyofuatana, ndizo hasa ambazo rumatoidi, ugonjwa wa kuvimba viungo, huanza nazo kwa watu wengi. Kwa jina refu huitwa athraitisi ya rumatoidi, na kwetu mara nyingi huchanganywa na maumivu mengine yote ya viungo na kuitwa baridi yabisi tu. Duniani hukadiriwa kuwapata watu wazima kati ya nusu asilimia na asilimia moja, wanawake mara mbili hadi tatu kuliko wanaume. Nimemchagua mtu wa kazi ya alfajiri kwa sababu saa hiyo ndiyo ugonjwa huu hujitokeza wazi kuliko saa nyingine yoyote, na ndiyo saa ambayo hakuna tabibu anayemwona mgonjwa.

Miguu, kisha mikono

Mtoto alikuwa na miezi minne. Mama akiamka saa kumi na nusu kwenda kukanda unga, hatua za kwanza kutoka kitandani hadi jikoni zilimuuma chini ya wayo, pale nyuma tu ya vidole, miguu yote miwili. Alimwambia mumewe kwamba ni kama anakanyaga kokoto, na akiangalia chini hazipo. Baada ya kusimama saa moja au mbili maumivu yalipungua, akasahau. Akazilaumu ndara zilizokwisha soli, akanunua nyingine. Duka la dawa wakampa diklofenaki, dawa za kutuliza maumivu. Zikamsaidia, akaendelea na kazi.

Hiyo ilikuwa dalili ya kwanza, na inapuuzwa mno. Mtu akisikia rumatoidi hufikiria mikono iliyopinda ya wazee. Lakini viungo vidogo vya mguu, pale vidole vinapokutana na wayo, mara nyingi huanza pamoja na mikono au kabla yake. Hata kwenye eksirei, mfupa mara nyingi huanza kulika kwenye kiungo cha chini cha kidole kidogo cha mguu wakati picha za mikono bado hazina dosari. Maumivu ya kisigino kimoja yanayoisha baada ya hatua chache ni jambo jingine, tena la kawaida zaidi. Yanayopaswa kukushtua ni maumivu ya mbele ya nyayo zote mbili, yanayokuja kila asubuhi bila ya kuumia wala kutembea sana.

Wiki tatu baadaye ikafuata mikono. Mahamri yana kazi: unga, sukari, iliki, hamira na tui, kisha kukanda mpaka donge lilainike. Alfajiri moja akakuta vidole havifungi. Haviumi sana, ila vinakataa. Hakuweza kukunja ngumi wala kulishika donge likashikika. Akatumbukiza mikono katika maji ya uvuguvugu, akangoja, halafu akakanda kwa vigasha. Saa mbili asubuhi, biashara ikiwa imekwisha, mikono ilikuwa imelegea na angeweza kufua nguo za mtoto. Siku zilizofuata ikawa hivyo hivyo. Kazi ya kukuna nazi akamwachia binti yake mkubwa. Pete ya ndoa ikagoma kupita kwenye kifundo cha kidole, akaivua kwa sabuni na kuiweka kabatini.

Kukakamaa huku ndiko kiini cha kisa, kwa hiyo nitakaa hapa kidogo.

Karibu kila mtu aliyevuka makamo huamka na kiungo kigumu. Goti lililochakaa hukakamaa asubuhi, lakini kwa dakika tano, kumi, pengine ishirini, na likitumika sana mchana ndipo linapouma zaidi. Rumatoidi huenda kinyume. Kukakamaa kwake hupita nusu saa, mara nyingi hupita saa nzima, na kiungo hulegea kadiri kinavyotumika. Mtu akikaa kitako muda mrefu, ukakamavu hurudi. Sababu ni kwamba hapa kiungo hakijachakaa. Kimevimba kwa ndani. Kinga ya mwili, ambayo kazi yake ni kupambana na vijidudu, imeugeukia utando laini unaofunika kiungo kwa ndani. Utando unanenepa na kutoa maji kupita kiasi, na baadaye unaanza kuitafuna gegedu na mfupa ulio jirani. Vichocheo vya uvimbe vinavyomwagwa na kinga hiyo hufuata saa ya mwili: hupanda usiku wa manane na kufikia kilele karibu na alfajiri. Kwa hiyo mpishi wetu alikuwa anaanza kazi katika saa mbaya kabisa ya ugonjwa wake, na alikuwa anaonwa na matabibu katika saa yake nzuri kabisa.

Ukimuuliza mgonjwa kwa haraka, "Asubuhi unajisikiaje?", atakujibu, "Naamka vizuri, alhamdulillahi." Muulize anaamka saa ngapi, kisha muulize ni saa ngapi mikono inaanza kufanya kazi kama kawaida. Toa saa ya kwanza kwenye ya pili. Kwa mama huyu ni zaidi ya saa tatu. Na usiulize maumivu peke yake. Wapo wanaokakamaa kabla hawajaanza kuumwa hasa, na mtu wa kazi ngumu hukwambia haumwi huku hawezi kufungua mfuniko wa chupa.

Jambo jingine ni viungo gani vimeshikwa. Mtazame mtu kiganja kikiwa kimegeuzwa chini. Rumatoidi inayoanza hupenda safu ya vifundo vikubwa, pale vidole vinapoungana na kiganja, hasa cha kidole cha shahada na cha kati. Hupenda vifundo vya katikati ya vidole. Hupenda kifundo cha mkono. Vifundo vya mwisho, vilivyo karibu na kucha, kwa kawaida huviacha. Bibi mwenye vinundu vigumu karibu na kucha ana uchakavu, na hilo ni jambo tofauti. Uvimbe wa rumatoidi ukiuminya ni laini, unabonyea, una joto kidogo, na mara nyingi ngozi haibadiliki kuwa nyekundu. Ngozi nyeusi haionyeshi wekundu kwa urahisi, kwa hiyo anayetafuta wekundu ili aamini kwamba pana uvimbe atakosa vyote viwili. Angalia mabonde baina ya vifundo: mkono usio na ugonjwa ukikunja ngumi mabonde yanaonekana, na mkono uliovimba mabonde yamejaa.

Ugonjwa ulishika kulia na kushoto. Pande mbili kwa pamoja ni ishara nzuri, ingawa wiki za mwanzo mkono mmoja unaweza kutangulia, na hilo lisitumiwe kumrudisha mtu nyumbani.

Pamoja na hayo kulikuwa na uchovu mzito usioisha kwa kulala, homa ndogo za jioni, hamu ya chakula kupungua, na nguo zikaanza kumpwaya. Rumatoidi ni ugonjwa wa mwili mzima na uchovu huo ni sehemu yake kamili. Kwa mama anayenyonyesha na kuamka saa kumi na nusu, nani angeutilia maanani?

Wazee waliona wakati, wakakosea sababu

Mama mkwe alikuwa na jibu tangu wiki ya kwanza. "Mwanangu, hukukandwa ukakandika. Mwili ulikuwa bado mbichi, ukaingiwa na baridi." Pwani mzazi hukandwa kwa maji moto na kutulia ndani siku arobaini. Uzazi huu wa tatu, kwa sababu ya pesa, mama alirudi kwenye karai kabla arobaini haijaisha. Kila aliyemwona na mikono ile alitaja jambo hilo, na yeye mwenyewe akaliamini. Aliamini amejiletea.

Sina moyo wa kuwabeza wazee hawa, kwa sababu nusu ya walichokisema ni kweli. Miezi inayofuata kujifungua ni miongoni mwa nyakati ambazo rumatoidi hupenda kuanza. Wanawake wengi wenye ugonjwa huu hupata nafuu wakiwa wajawazito, kisha baada ya kuzaa viungo huvimba tena. Na wengine huupata kwa mara ya kwanza katika mwaka huo. Mama mkwe aliona kwa jicho lake kitu ambacho matabibu watatu walikipita. Alichokosea ni sababu. Maji ya baridi hayaleti rumatoidi, upepo wa bahari hauileti, na kukosa kukandwa hakuileti. Asili ya kurithi inachangia, uvutaji sigara unachangia, maradhi ya fizi yanahusishwa nayo, na mabadiliko ya kinga ya mwili baada ya uzazi yanaweza kuufungulia mlango. Maji moto hulegeza viungo vilivyokakamaa kwa saa kadhaa, na nafuu hiyo ya kweli ndiyo inayowafanya watu waamini kwamba baridi ndiyo iliyouleta ugonjwa.

Inaniuma zaidi lawama aliyoibeba. Mwanamke anayeamini ameumwa kwa sababu alikiuka arobaini hamwambii tabibu kwamba ugonjwa ulianza baada ya kuzaa, huona haya. Na hilo ndilo jambo ambalo tabibu alihitaji kulisikia.

Mara tatu mlangoni

Mara ya kwanza alifika kituo cha afya saa tano, baada ya kuuza na kupanga foleni, tumboni ana diklofenaki ya asubuhi. Mikono ilikuwa inakunjika. Kipimo cha malaria hakikuonyesha kitu. Akaambiwa ni uchovu wa kunyonyesha, au pengine ni mabaki ya chikungunya, homa ya virusi inayoenezwa na mbu.

Chikungunya si dhana ya kijinga hapa. Iliwahi kuzuka Lamu na Mombasa mwaka 2004, na Mombasa tena mwishoni mwa 2017 hadi 2018, na inaweza kuacha viungo vikiuma kwa miezi, wakati mwingine kwa sura inayofanana sana na rumatoidi. Lakini chikungunya huanza ghafla: mgonjwa anaweza kukutajia siku, hata saa, homa ilipompiga. Homa huwa kali, mara nyingi na vipele, na kwa kawaida nyumba nzima au jirani wanaugua msimu huo huo. Mama huyu hakuwa na homa kali, hakuna mwingine nyumbani aliyeumwa, na ugonjwa ulimjia polepole, miguu kwanza, mikono baadaye. Virusi vingi vinavyoshika viungo huachia ndani ya wiki sita. Ndiyo maana wiki sita ni mpaka unaotumiwa na wataalamu: uvimbe ukiupita, usingojee tena upoe wenyewe.

Mara ya pili alipimwa asidi ya yuriki, ikaonekana imezidi kidogo. Akaambiwa ana jongo, ugonjwa wa viungo unaoletwa na asidi hiyo, na aache nyama nyekundu, maharagwe na mbaazi. Mwanamke anayenyonyesha, ambaye kitoweo chake cha kila siku ni mbaazi alizopika mwenyewe, akanyang'anywa chakula kwa ugonjwa asiokuwa nao. Wapo wengi wenye yuriki ya juu ambao hawatapata jongo maishani. Jongo ni nadra kwa mwanamke ambaye hedhi yake haijakoma. Linapokuja huvamia kiungo kimoja, mara nyingi cha chini ya kidole gumba cha mguu, usiku mmoja, kwa maumivu ambayo hata mguso wa shuka hauvumiliki, kisha hupoa siku chache au wiki mbili baadaye. Hakuna hata kimoja cha hivyo kilichokuwa chake. Hapo namba ya maabara ilisomwa, mgonjwa akaachwa.

Mara ya tatu ndiyo iliyokaribia zaidi na kudhuru zaidi. Tabibu mmoja alifikiria rumatoidi, akaagiza kipimo cha RF, cha kutafuta katika damu kingamwili ambayo wagonjwa wengi wa rumatoidi wanayo. Kikarudi hakina kitu. Akamwambia, "Huna." Yeye akafurahi, akarudi nyumbani, na kwa muda hakuona sababu ya kurudi tena hospitali.

Kipimo cha RF hakina uwezo wa kutoa hukumu hiyo. Katika wagonjwa wa kweli wa rumatoidi, kati ya asilimia 20 na 30 hawana RF, na kwa wanaoanza idadi ya wasio nayo huwa kubwa zaidi. Upande wa pili, RF huonekana kwa wenye kifua kikuu, homa ya ini ya aina ya C, malaria, na hata kwa wazee wasioumwa chochote. Kwetu, ambako maradhi haya yapo, RF iliyopatikana bila ya viungo kuvimba haina uzito, na RF iliyokosekana kwa mtu aliyevimba viungo haiufungi mjadala. Kipimo cha anti-CCP, kinachotafuta kingamwili nyingine, hufunga vizuri zaidi, kwa kuwa ni mara chache kuonekana kwa asiye na ugonjwa huu, lakini nacho hukosekana kwa baadhi ya wagonjwa. Viungo vyenyewe ndivyo vya kuaminiwa kwanza.

Baada ya hapo jirani akamletea vidonge vya kijipakiti kisicho na jina, "dawa ya miti shamba ya baridi yabisi." Siku ya pili alikanda unga mwenyewe. Alivitumia wiki sita. Uso ukamnawiri na kuwa wa duara, watu wakamwambia amependeza. Vilipokwisha, kila kitu kikarudi kwa nguvu zaidi.

Dawa ya viungo inayoponya kwa siku mbili inapaswa kukutia hofu. Zile zinazouzwa kwa jina la mitishamba zimekutwa mara nyingi, katika nchi nyingi, zimechanganywa na steroidi, dawa zenye nguvu za kutuliza uvimbe, kama deksamethasoni au prednisoloni. Steroidi ni dawa halali, na madaktari huitumia kwa rumatoidi kwa kipimo na muda unaojulikana. Ikitumika bila ya kujulikana hupandisha sukari na shinikizo la damu, hudhoofisha mifupa, hufungua njia kwa kifua kikuu, na baada ya wiki kadhaa tezi za mwili huacha kutengeneza steroidi zake zenyewe, hata mtu akikatiza ghafla anaweza kuzimia. Aliyekwisha kuitumia kwa wiki nyingi asiikate kwa hasira siku anaposoma haya. Aende nayo hospitali, na pakiti yake.

Kliniki ya mtoto

Muuguzi wa chanjo alimwona akimnyanyua mtoto kwa vigasha, si kwa viganja. Akamwona anashindwa na vifungo vya nguo ya mtoto, akimwomba mama aliyekaa kando amfungulie.

"Mama, mikono hii ina nini?"

"Ni baridi tu, sista. Nilijifungua, sikukandwa vizuri."

"Asubuhi inakunjika?"

"Asubuhi haikunjiki. Mpaka saa mbili, siku nyingine saa tatu."

"Tangu lini?"

"Mtoto alikuwa hajaanza uji."

"Na miguu?"

Akamtazama muuguzi kwa mshangao. Hakuna aliyewahi kumuuliza miguu.

Muuguzi akamshika mkono kama anayeamkia, akaiminya taratibu safu ya vifundo kutoka kando hadi kando. Mama akauvuta mkono. Mkono wa pili vile vile. Akaminya miguu hivyo hivyo, nyuma ya vidole, jibu likawa lile lile. Ilichukua dakika chache, bila ya kifaa. Mwaka 2002 kundi la wataalamu lilipendekeza mambo matatu ya kumpeleka mgonjwa mapema kwa daktari wa viungo: viungo vitatu au zaidi vilivyovimba, safu ya vifundo vya mikono au miguu inayouma ikiminywa, na kukakamaa asubuhi kwa nusu saa au zaidi. Moja kati ya hayo linatosha kutia shaka. Mama alikuwa nayo yote, na alikuwa nayo, kwa hesabu yangu, tangu mwezi wa kwanza wa maumivu ya mikono.

Daktari aliyepelekewa akahesabu: vifundo vitatu vikubwa katika kila mkono, viwili vya katikati katika kila mkono, na vifundo viwili vya mikono. Jumla kumi na viwili, kabla ya kugusa miguu. Kwa vigezo vya mwaka 2010 vya vyama vya wataalamu wa Marekani na Ulaya, viungo zaidi ya kumi vikiwemo vidogo ni alama 5. Ugonjwa uliodumu wiki sita au zaidi ni alama 1. Damu inayoonyesha uvimbe, kwa kipimo cha CRP au cha ESR, ni alama 1. Hizo ni 7, na zinazotakiwa ni 6 kati ya 10. Maana yake ni kwamba hata bila ya kipimo chochote cha kingamwili, mama huyu alitimiza. Anti-CCP iliporudi iko juu sana iliongeza alama 3 nyingine. Vigezo vya kabla ya hapo, vya 1987, vilihesabu vinundu vya chini ya ngozi na mifupa iliyolika, mambo ambayo huja ugonjwa ukiwa umeshaharibu, na ndiyo sababu kubwa ya kuviacha.

Alama hizo haziruhusiwi kuhesabiwa mpaka maradhi mengine yametazamwa. Kwa mwanamke kijana wa Afrika mimi ningeangalia kwanza lupasi, ugonjwa mwingine ambao kinga huushambulia mwili wenyewe: vipele vya uso, vidonda vya mdomo, nywele kunyonyoka, protini kwenye mkojo. Kisha homa ya ini B na C, virusi vya Ukimwi, na ngozi na kucha kwa ajili ya soriasisi, ugonjwa wa ngozi yenye magamba ambao nao unaweza kuvimbisha viungo. Na kwa yeyote, wa umri wowote: kiungo kimoja kilichovimba ghafla, kina moto, pamoja na homa, hakisubiri uchunguzi wa namna hii. Huenda kina usaha ndani, na mtu huyo anahitaji hospitali siku hiyo hiyo.

Eksirei ya mikono ilikuwa safi. Ya mguu wa kushoto ilionyesha kidonda kidogo cha mfupa kwenye kiungo cha chini cha kidole kidogo.

Kilichopotea, na kilichobaki

Miezi mitano ilitosha kwa kidonda kile, na mfupa uliolika haurudi ulivyokuwa. Uharibifu mwingi wa rumatoidi hutokea katika miaka miwili ya mwanzo, na dawa zinazoubadili mwendo wa ugonjwa hufanya kazi vizuri zaidi zikianza ndani ya miezi mitatu hadi sita ya kwanza. Diklofenaki na ndugu zake hupunguza maumivu tu; mfupa huendelea kulika chini yake. Kwa sababu hiyo nafuu aliyoipata dukani mwezi wa kwanza haikumfaa kitu.

Ila sitaki mtu aliyeambiwa leo ana rumatoidi adhani kazi ya mikono yake imekwisha. Christiaan Barnard, daktari wa upasuaji wa Afrika Kusini, aligunduliwa na ugonjwa huu mwaka 1956 akiwa masomoni Marekani, umri wake haujafika miaka 35. Tarehe 3 Desemba 1967, katika hospitali ya Groote Schuur mjini Cape Town, mikono hiyo hiyo ilipandikiza moyo wa binadamu kwa binadamu mwingine kwa mara ya kwanza. Aliacha upasuaji mwaka 1983, viungo vilipomshinda. Alifanya kazi hiyo yote kabla ya tiba nyingi za leo kuwepo.

Kwa mama huyu, dawa ya kwanza ambayo madaktari wengi huifikia ni methotreksati, lakini haitumiwi na anayenyonyesha, na inaweza kuharibu mimba. Akaanzishwa salfasalazini pamoja na haidroksiklorokwini, ndugu wa klorokwini ya malaria tuliyoizoea, zote mbili zikiruhusiwa kwa mama anayenyonyesha, na prednisoloni ya kipimo kidogo ya kupunguzwa hatua kwa hatua. Akaelezwa mapema kwamba hizo mbili za kwanza huchukua wiki sita hadi kumi na mbili kuonyesha kazi, ili asizitupe wiki ya tatu. Akapangiwa kupimwa macho, damu na ini.

Baada ya miezi mitatu kukakamaa kulikuwa robo saa, na viungo vilivyovimba vimebaki vitatu. Ni nafuu kubwa, lakini lengo la tiba ni kusiwe na kiungo kilichovimba kabisa, kwa hiyo daktari hakuridhika. Mtoto akiachishwa ziwa, na mama akiwa na njia ya uhakika ya uzazi wa mpango, ataanza methotreksati. Hiyo humezwa mara moja kwa wiki, siku moja inayojulikana, pamoja na vidonge vya asidi ya foliki; wapo waliokufa kwa kuimeza kila siku, kwa hiyo siku yenyewe iandikwe kwenye pakiti kwa Kiswahili, mbele ya mgonjwa. Akitaka mtoto mwingine, aseme miezi kadhaa kabla, dawa ibadilishwe kwanza.

Swali lake la mwisho kwa daktari lilimhusu binti yake mkubwa, yule anayemkunia nazi. Hatari ya binti iko juu kiasi kuliko ya wenzake, kwa kuwa kuna sehemu ya kurithi, lakini watoto wengi wa wagonjwa wa rumatoidi hawaupati ugonjwa huu. Hakuna haja ya kumpima damu sasa akiwa mzima. Akae mbali na sigara na atunze meno yake. Na ikitokea siku moja viungo vimemvimba kwa wiki kadhaa, apelekwe mapema, na anayempeleka aseme kwamba mama yake anao.